Mashine Zilizozimika Kila Nilipoondoka

Siku nilipokabidhi funguo za karakana, kijana aliyezipokea aliniuliza kwa heshima zote kama nina ushauri wowote kwa wanaobaki. Nikamwambia asile karanga juu ya kibodi. Akacheka akidhani natania. Nimefungua kibodi za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na makombo niliyoyakung'uta humo yangetosha kufugia kuku.

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kuagwa. Wenzangu mliobaki kitengoni mkalalamika kwamba ni fupi, basi hii hapa ndefu. Vyeo sitavigusa kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa kuwa ni kama wenu. Nitaandika kazi, na hasa kazi moja ya kule Busi, ambayo wengi mmeisikia ikisimuliwa kantini na watu ambao hawakuwepo.

Niliingia kazini enzi za mashine za kuchapia, katika kitengo cha kutengeneza vifaa vya ofisi na shule za mkoani. Mama yangu aliposikia nimeajiriwa serikalini alidhani nitakalia kiti kinachozunguka, akanishonea gauni jeupe. Kufikia saa nne asubuhi gauni lilikuwa limekula wino wa utepe mpaka kiunoni. Mzee Lameki, fundi mkuu, akaniuliza, "Binti, umekuja kazini au kwenye kipaimara?" Nilikwenda uani nikalia kidogo, nikarudi nikamwomba ovaroli. Akanipa ya kwake, ambayo mimi na dada yangu tungeingia pamoja na nafasi ikabaki.

Huyo mzee ndiye aliyenifanya fundi. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi nne, brashi ya rangi, mafuta ya cherehani na kipande cha kanga kuukuu ya mkewe. Alisema mashine nyingi haziumwi, zimekula vumbi tu, na vumbi la Dodoma halina likizo. Alisema bosi akikuapia kwamba hajagusa kitu, anza na pale alipogusa. Alinilazimisha kuandika kila kazi kwenye daftari: tarehe, ugonjwa, dawa, na jina la aliyesababisha. Safu hiyo ya mwisho tuliagizwa kuifuta baada ya mkurugenzi mmoja kupitisha macho kwenye daftari.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa miezi ndani ya boksi kwa sababu haikujulikana nani ana mamlaka ya kulifungua. Barua zilikwenda na kurudi. Mwishowe Mzee Lameki alilifungua kwa kisu cha kantini, akasema kama ni jela ataenda yeye, maana amebakiza mwaka mmoja tu. Alijifunza kuiwasha na kuizima, lakini kipanya alikikataa mpaka anastaafu. Alisema hawezi kufanya kazi na mnyama aliyefungwa kwa mkia.

Baada yake nikabaki mimi na virusi. Vijana mna bahati, hamkuiona ile miaka ambayo flashi moja ilipita ofisi kumi kwa siku ikiambukiza zote, halafu jioni inaletwa kwangu na mwenyewe anaapa kuwa ni ya kazi za serikali tu. Picha za harusi nilizozikuta humo zingetosha kufungulia studio. Ndipo mwanachuo mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akanionyesha Linux. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ndio unaoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini. Linux ni mfumo wa bure, yeyote anaweza kuuchukua, kuuchokonoa, kuubadilisha na kumgawia jirani, na virusi vya zile flashi vilikuwa haviuwezi. Niliupenda kama mtu anavyoipenda dawa iliyomponya. Mkuu wa kitengo aliniambia kitu cha bure kina kasoro. Nikamwambia hata hewa ni ya bure. Hakunisamehe.

Ofisi ikahamia Mtumba, mji mpya wa serikali nje ya Dodoma. Wenzangu walilia habari za nauli na umbali, lakini mimi nilishajenga Nzuguni, upande huohuo, zamani, wakati watu wakiniuliza nimekimbia nini mjini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, serikali ilihama ikanifuata. Karakana mpya ilikuwa na madirisha ya vioo mpaka chini, kwa hiyo wapita njia waliweza kutuona vizuri tukikosea.

Nzuguni ndipo Bosi Idi alipokuwa na banda lake la gemu. Alikuwa na mashine kumi na mbili za gemu na televisheni kumi na mbili, na watoto wa mtaa mzima walilijua banda lile kuliko walivyolijua darasa. Wazazi tukaandika barua ya malalamiko. Sahihi yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu, na niliandika kwa kalamu nyekundu. Banda likafungwa. Bosi Idi, ambaye kwao ni Busi huko Kondoa, akapakia mashine zote na televisheni zake kwenye lori akaipelekea zawadi sekondari ya kwao. Akapigiwa makofi, akavishwa kanzu mpya, akaitwa mwana wa nchi. Kwa hiyo mashine zilizokuwa zikiwatoa watoto shuleni zikapelekwa shuleni, na kitengo chetu kikapokea barua ya kuomba fundi wa kuja "kuunganisha kompyuta zilizotolewa na mfadhili". Mkuu wa kitengo alinichagua mimi. Nilishasema hakunisamehe.

Mwalimu wa kompyuta wa shule ile alikuwa kijana mmoja, Mwalimu Shabani. Alikuwa amekataa uhamisho wa kwenda mjini ili aanzishe somo lile, na kwa miezi yote aliyokuwa akisubiri mashine aliwafundisha wanafunzi kuchapa kwa vidole kwenye kibodi alizochora katika karatasi za manila. Alinipokea akaniingiza kwenye darasa jipya ambalo matofali yake wazazi waliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Nikaziona mashine zimepangwa juu ya meza, moja moja mbele ya televisheni yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "hizi si kompyuta. Hizi nazijua. Nilizisainia zifungwe."

"Najua, Mama Fundi. Ila wazazi hawajui, na mimi sina moyo wa kuwaambia."

Akanieleza mambo yalivyosimama. Kabla muhula haujaisha wangekuja wakaguzi kuamua kama shule ipewe kibali cha kufundisha somo la kompyuta mpaka mtihani wa mwisho. Sharti lilikuwa mashine zisizopungua kumi, ziwake kwa saa mbili mfululizo huku wanafunzi wakichapa na kuhifadhi kazi zao. Wanafunzi kumi na wanane walikuwa wameshalichagua somo hilo. Mashine zikishindwa, somo linafutwa, na wale kumi na wanane wanarudishwa kwenye somo la kilimo wakiwa wamekosa nusu ya mada. Na Bosi Idi alikuwa ameshatoa kauli kwamba kama shule haina matumizi nazo, yeye atazirudisha. Nilikuwa nimemwona wiki hiyohiyo Nzuguni akiulizia fremu ya biashara ya kupanga.

Sasa, mashine ya gemu ni kompyuta ambayo aliyeitengeneza ameifungia isijijue. Ndani ina kila kitu, ila imeapishwa kucheza tu. Nilirudi nyumbani nikaingia mtandaoni, na bando la mwezi mzima liliisha kwa siku tatu, lakini nilikipata nilichokitafuta. Kuna watu huko duniani, mashabiki tu, wasiolipwa na yeyote, waliokuwa wametengeneza Linux ya mashine ileile. Unaiingiza kwa flashi, mashine inasahau gemu, inakuwa kompyuta ya kuchapia barua. Mkubwa wao alijiita kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni Soksi Iliyolowa. Sikuwahi kujua kama ni mwanamume au mwanamke, wala yuko nchi gani. Nilichojua ni kwamba kwao ni baridi na kwamba hujibu ujumbe kabla hujaweka simu chini.

Afisa ugavi wetu alisema hakuna kitu kinachoingia shule ya serikali bila fomu. Nikajaza fomu. Akaniita.

"Mama, hapa kwenye jina la mtengenezaji umeandika Soksi."

"Ndilo jina lake."

"Soksi ya mguuni?"

"Iliyolowa. Soma mpaka mwisho."

"Na dhamana? Kikiharibika tunamwandikia nani?"

"Yeye huyohuyo. Atajibu kabla wewe hujapata muhuri."

Tulibishana mpaka akagundua kwamba kwa kuwa mfumo ni wa bure, hakuna manunuzi, na kama hakuna manunuzi basi kwa mujibu wa ofisi yake kitu hicho hakipo. Akanitakia safari njema ya kwenda kufunga kitu kisichokuwepo.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Mfumo ule ulikuwa na kilema kimoja kikubwa: mashine ikizimika, inasahau yote. Ukiiwasha inarudi kwenye gemu, inabidi uchomeke flashi na kurudia hatua zote, na mara nyingi inakubali kwenye jaribio la tatu. Wanafunzi walizikariri hatua hizo kuliko mimi. Wakristo wakaita kitendo kile kubatiza, Waislamu wakaita kusilimisha, na kila asubuhi darasa zima lilikuwa na kelele za watu wakiulizana nani mashine yake imeshaongoka. Hodari kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha tatu, Zuhura, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba mwalimu alimwita mbele ili asikie alichokuwa akikijibu. Yeye aliibatiza mashine mara ya kwanza tu, kila siku, na hakuna aliyejua siri yake.

Siku ya nne mashine zote kumi na mbili ziliwaka kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri bila kutetereka. Niliondoka Busi nikiwa najisikia kama mheshimiwa. Kesho yake saa tano Mwalimu Shabani akanipigia.

"Shikamoo Mama Fundi. Zimezimika."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Zimezimika zenyewe, moja baada ya nyingine. Haikupita hata nusu saa."

Nikarudi. Basi mpaka ilipoishia lami, kisha bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nikawasha mashine, zikafanya kazi siku nzima. Nikaondoka, zikazimika. Nikarudi tena, nikazifungua, nikazipiga brashi, nikakagua soketi na waya, zikawaka siku mbili kama malaika. Sijafika Kondoa mjini, simu. Niliuliza kila swali la kifundi ninalolijua. Kuna kitu mmebadilisha? Hapana. Mmehamisha meza? Hapana. Kuna mtu ameingiza flashi ya harusi? Hapana, mama.

Nilimwachia Zuhura daftari, aandike joto la mashine kama linavyosomeka kwenye skrini kila baada ya dakika kumi. Daftari lilisema wazi: nikiwepo, mashine ni za uvuguvugu, nikiondoka, zinachemka mpaka zinajizima zisiungue. Kijijini zikaanza hadithi. Wengine walisema nina mkono baridi. Wengine walisema shule imechezewa na mtu asiyependa maendeleo. Mwalimu Shabani, mtu mwenye shahada, akaniomba picha yangu aitundike darasani. Nilicheka, lakini aliitundika.

Mimi niliamini kosa ni la mfumo. Ule mfumo wa mashabiki ndio uliokuwa ukiziendesha feni, na nilifikiri unazichelewesha. Nikamwandikia Soksi Iliyolowa. Hakunibishia hata kidogo. Alikaa wiki tatu akiandika upya sehemu ya feni, akinitumia toleo jipya kila baada ya siku chache, nami nalipeleka Busi, linafanya kazi nikiwepo, linakufa nikiondoka. Siku moja aliniandikia kwamba ameifungia mashine yake kwenye chumba kidogo na hita mbili ili aige jua la kwetu, na kwamba imeungua. Aliomba radhi kwa kunichelewesha. Alikuwa anatafuta nyingine ya mtumba ili aendelee. Niliusoma ujumbe ule jikoni nikaona aibu, ingawa nilikuwa bado sijajua kwa nini.

Zikabaki siku tisa wakaguzi waje. Nilipangiwa gari la ofisi la Alhamisi, lakini Jumanne mkuu wa kitengo akalichukua kwenda kwenye semina, akanieleza nisubiri wiki inayofuata. Sikusubiri. Nilipanda basi la alfajiri bila kumpigia mtu simu, na saa nne na nusu nilikuwa nasimama kwenye mlango wa lile darasa.

Mashine zote zilikuwa zinawaka, wanafunzi wanachapa. Na kila mashine ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma. Vyeupe, vyenye maua ya waridi na ya njano, vimeshuka mpaka mezani pande zote nne, na pindo zake zina vishada. Tundu la hewa halikuonekana hata moja. Niliweka mkono juu ya kitambaa cha kwanza nikautoa haraka. Ungeweza kupasha maandazi.

"Mwalimu, hivi vimetoka wapi?"

"Vya akina mama, Mama Fundi. Bi. Mwajabu na wenzake walivifuma mashine zilipofika. Kwa ajili ya vumbi."

"Na mbona sijawahi kuviona?"

Alinishangaa kweli. "Ukija tunavitoa. Hatuwezi kukuacha mgeni uanze kufunuafunua."

Wenyeji wale hawakunidanganya. Niliwauliza kama kuna kitu kimebadilika, na hakikuwa kimebadilika. Vitambaa vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kila nilipopiga simu kwamba nakuja, Zuhura na wenzake walivikunja vizuri wakaviweka kabatini, wakafagia, wakachota maji ya kunawa. Nikigeuka tu, wanavirudisha. Waliniheshimu mpaka mashine zikataka kufa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja mara sita na hakupona mtu.

Kabla hamjawacheka, niwaambie nilichokikuta nyumbani kwangu niliporudi. Televisheni yangu ina kitambaa. Redio ina kitambaa. King'amuzi, ambacho kwa miezi minne nilikuwa nalaani kwamba kinakatakata picha, kina kitambaa cha bluu nilichokinunua mwenyewe. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye cheti cha ufundi.

Siku ileile, kabla sijaondoka Busi, ilibidi nikamwone Bi. Mwajabu. Alikuwa amepika uji wa shule ile kwa miaka mingi mpaka macho yakachoka na moshi, na sasa alikaa nyumbani akifuma. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza polepole kwamba mashine inapumua, na kitambaa kinaiziba pumzi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe, bibi. Ni joto."

"Joto la kitambaa changu." Akaiweka sindano ya kufumia chini. "Mwanangu, mimi sikusoma. Matofali sikuweza kubeba, mgongo umekwisha. Nikasema basi nitazifunika. Miezi miwili nafuma, na macho haya."

Nimegombana na wakurugenzi wanne katika maisha yangu bila kutokwa jasho. Bi. Mwajabu alinishinda. Nilikaa kwenye kile kigoda nikimwonea huruma, na nikijionea hasira. Mwishowe tukakubaliana: mashine ikiwa imezimwa na imepoa, ivishwe, maana vumbi la Busi ni adui wa kweli na katika hilo alikuwa sahihi kabisa. Ikiwashwa, ivuliwe. Alikubali kwa mdomo. Moyoni sidhani.

Jioni hiyo nikamwandikia Soksi Iliyolowa. Nilimwambia ukweli wote: kwamba mfumo wake haukuwa na kosa, kwamba ameunguza mashine yake bure, kwamba ugonjwa ulikuwa maua ya waridi. Nikamtumia picha. Kwa mara ya kwanza alichelewa kujibu. Kisha akaandika kwamba amecheka mpaka jirani akagonga ukuta, na kwamba bibi yake yeye hufunika kibaniko cha mkate vilevile. Akauliza: kwa lugha yenu, ukitaka kumwambia mtu atoe kile kitu, unasemaje? Nikamjibu kwa maneno mawili, nikidhani ni udadisi tu. Siku mbili kabla ya ukaguzi akanitumia toleo jipya. Hakueleza kuna nini ndani.

Wakaguzi walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa bwana mrefu mwenye koti zito la suti, na siku ile jua lilikuwa limekuja kwa hasira. Mashine kumi na mbili zikabatizwa na kusilimishwa mbele yake, zikaongoka zote, saa ikaanza kuhesabiwa. Bwana mkaguzi akavuta kiti karibu na dirisha, kando ya mashine ya Zuhura. Baada ya dakika chache akaona joto limezidi. Akavua koti, akatafuta pa kuliweka, akaliweka juu ya mashine.

Kila mtu darasani aliliona. Mkuu wa shule aliendelea kutabasamu. Mwalimu Shabani alitazama dari kama anayehesabu mabati. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana Mtumba nzima, nililiacha palepale, maana kalamu ya kibali ilikuwa mfukoni mwa lile koti, na nilijiambia labda itahimili. Nililiangalia koti lile kwa nusu saa, nikajichukia dakika zote thelathini.

Ndipo skrini ya Zuhura ikageuka njano nzima. Katikati, kwa herufi kubwa za kusomeka mpaka mlangoni, pakaandikwa: ONDOA KITAMBAA.

Zuhura akasimama.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Una tatizo, binti?"

"Mashine inaomba uondoe kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Koti lako, mheshimiwa. Samahani. Haipumui."

Alisema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia, na sijui aliitoa wapi. Mkaguzi alitazama skrini, akatazama koti, akaweka kiganja juu ya mashine akakitoa upesi. Akalichukua koti lake akalipakata kama mtoto. Njano ikaondoka, kazi ya Zuhura ikarudi pale alipoishia, akaketi akaendelea kuchapa.

"Kwa hiyo inasema Kiswahili," akasema mkaguzi.

"Maneno mawili tu," nikajibu, sauti yangu ikiwa imerudi sasa kwa kuwa hatari imepita, kama kawaida ya wakubwa.

Saa mbili ziliisha mashine zote zikiwa hai. Akaniuliza nani mtengenezaji wa mfumo. Nikamwambia. Aliandika Soksi Iliyolowa kwenye fomu yake bila kuinua uso, na kibali kikaja kabla ya likizo. Wale kumi na wanane wakaendelea na somo. Bosi Idi alifungua duka la vifaa vya shule, na nimeambiwa ana kanzu ya pili.

Wiki iliyotangulia kustaafu kwangu nilikwenda Busi kuaga. Nilimkuta Bi. Mwajabu barazani, nikafurahi kwamba nina zawadi ya habari. Nikamweleza kwamba yale maneno hayakuwekwa kwa ajili ya Busi peke yake. Yule mtu aliyaweka ndani ya mfumo wenyewe, na sasa kila mwenye mashine ile, hata kwenye nchi za theluji, ikimchemkia anaandikiwa kwa Kiswahili aondoe kitambaa. Watu wanaulizana mtandaoni ni kitambaa gani hicho. Nikamwambia kazi ya mikono yake imejulikana duniani.

Akaacha kufuma.

"Mwanangu," akasema, "dunia nzima inakatazwa kitambaa changu, nawe umepanda basi kuja kunipongeza?"

Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichokunjwa, akaniwekea mapajani. Kilikuwa cheupe, kipana, na maua ya waridi pembeni.

"Nimesikia unakwenda kukaa. Hiki ni cha kiti. Kiti hakizimiki."